Amesema mbawa za langalanga ni mapambo!

Ndugu wanajamvi, naandika nikiwa bado natetemeka. Sitamtaja, kwa sababu nyote mnamjua: ni yule yule anayekaa mbele kabisa kila tunapotazama mbio za langalanga, na anayejua kila kitu kabla hakijatokea. Leo, nilipokuwa nikimweleza mdogo wangu kwa nini gari lile linapita kona kwa kasi ya kutisha bila kuteleza, bwana yule aligeuka, akacheka hadi machozi yakamtoka, akasema mbawa zile ni mapambo. Mapambo! Akaongeza kwamba zimewekwa ili wadhamini wapate pa kuandika majina yao, na kwamba kinacholishikilia gari barabarani ni uzito, hivyo anayetaka gari litulie apakie mawe.

Mawe, ndugu zangu. Ni kweli kwamba gari likipakiwa mawe tairi hukandamizwa zaidi, lakini mawe hayo nayo lazima yapindishwe kwenye kona pamoja na gari, na kani inayohitajika kuyapindisha huongezeka kwa kiasi kile kile, kwa hiyo faida yote huliwa na mzigo wenyewe. Tena mshiko wa tairi haukui sawia na mzigo inaobebeshwa, ndiyo maana gari la mawe litateleza kabla ya gari jepesi. Bawa hufanya lile ambalo jiwe haliwezi: hukandamiza tairi kwenye lami na halileti mzigo mkubwa wa kupindisha. Hiyo ndiyo daunifosi, na ndiyo aliyoiita mapambo mbele ya mtoto!

Bawa hilo ni kama la ndege lililogeuzwa juu chini. Huisukuma hewa kwenda juu, nayo hewa hulisukuma bawa kwenda chini, huku shinikizo la upande wa chini, ambako hewa hukimbia zaidi, likipungua kuliko la upande wa juu. Kani hiyo hukua kwa mraba wa kasi: gari likitoka kilomita 100 kwa saa hadi 200, mkandamizo huwa mara nne, na likifika 300 huwa mara tisa. Gari la Formula 1, ambalo kanuni za 2023 zilitaka lisipungue kilo 798 pamoja na dereva, likiwa katika kasi ya juu hukandamizwa kwa kani inayozidi uzito wake lenyewe. Ni pambo gani duniani linaloweza kulemea kuliko gari zima?

Mwaka 1969, huko Montjuïc, Uhispania, mbawa zilizosimamishwa juu ya nguzo nyembamba zilivunjika kwenye magari ya Graham Hill na Jochen Rindt, na magari yote mawili yakaharibika vibaya. Pambo likidondoka, gari halipotezi mshiko. Tena timu zikienda Monza, penye sehemu ndefu zilizonyooka, hupunguza mbawa ili ukinzani wa hewa usiwacheleweshe, na zikienda Monaco, penye kona nyingi, huweka kubwa kabisa. Wadhamini ni wale wale. Kinachobadilika ni kona.

Alisema mapambo, mdogo wangu akanitazama, watu wakacheka pamoja naye. Sitasahau.

Jibu la 1
Pole sana, ndugu yangu. Mimi aliniambia kwamba sakafu ya gari ni bati la kuzuia vumbi. Gari la mbio la Lotus 79 lilichongwa tumboni kama bawa, pembeni ikazibwa kwa sketi zilizogusa lami ili hewa ya nje isiingie, na mwaka 1978 dereva wake, Mario Andretti, akatwaa ubingwa. Kwake yeye hilo ni bati la vumbi.

Jibu la 2
Mleta uzi, umetuandikia aya nzima nzima hapa, lakini pale palipohitaji sentensi moja ulinyamaza. Hesabu ya mara nne na mara tisa ilikuwa ya kumwambia yeye, si sisi tunaoijua. Isitoshe, umesahau uzito wa hewa yenyewe. Mexico City iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kuwa hewa yake ni nyepesi, mbawa kubwa kama za Monaco hutoa pale mkandamizo mdogo kama wa Monza.

Jibu la 3
Mnagombania mbawa, na kero halisi ni hewa iliyovurugwa. Gari la mbele huichafua hewa, la nyuma likikaribia hupoteza mkandamizo, huteleza na kuchosha tairi zake. Kanuni za 2022 zilirudisha mifereji chini ya sakafu ili kutibu hilo, na tukaletewa magari yanayodundadunda: sakafu ikivutwa karibu mno na lami, mkondo wa hewa hukatika, gari huinuka, mkondo hurudi, nalo huvutwa tena. Migongo ya madereva ndiyo iliyolipa.

Jibu la 4
Kudunda ni jambo dogo. Kinachoniumiza ni gari la Brabham BT46B, lililokuwa na feni ya kunyonya hewa chini ya gari, hivyo lilishika lami hata katika kona za polepole ambako bawa halina nguvu. Dereva Niki Lauda alishinda nalo Anderstorp, Uswidi, mwaka 1978, na halikushindana tena. Kila mara nasikia watu wakisema ushindi ule ulifutwa, na haukufutwa!

Jibu la 5
Na mimi nimechoka kusikia Brabham kila siku. Mmarekani Jim Hall alikuwa na gari lake la mbio, Chaparral 2J, lenye feni mbili na injini ndogo ya kuziendesha mwaka 1970, miaka minane kabla. Fungueni uzi wake tujadili.