Kisaki kuwinda inaruhusiwa? Mjomba anasema leseni ya bunduki inatosha

mtoto_wa_msamvu:
Wakuu habari za jioni. Nina mjomba anaishi kule Kisaki, Moro vijijini, ana shotgani yake na leseni ya polisi anayo nimeiona kwa macho yangu, sasa kanialika mwezi wa nane nikashinde huko wiki tukawinde, kwale, kanga, na ikibidi swala mmoja wa kitoweo. Mpango wake ni tutoke na pikipiki giza likishaingia na tochi kubwa, anasema mnyama ukimmulika anaduwaa unamchagua unavyotaka. Nikamuuliza vipi kuhusu kibali akanicheka, eti leseni ya bunduki ndo kibali chenyewe hicho, na kwamba kule ni Selous, sio hifadhi ya taifa, wazee wamewinda humo tangu enzi na enzi. Mimi wa mjini sijui chochote ila roho inasita. Naombeni mwongozo: bunduki gani inaruhusiwa, mwisho saa ngapi, na mtu unajuaje kama umeshaingia hifadhini wakati hakuna hata uzio?

Kidodi_Original:
Mjomba anakupeleka gerezani Kingolwira huyo, beba na shuka 😂

fundi_wa_nyayo:
Mdogo wangu, mimi nimefanya kazi kambi za uwindaji wa kitalii miaka mingi kwahiyo ngoja nikueleze taratibu, na bora ulivyouliza kabla ya safari.

Kwanza hiyo Selous anayoisema mjomba. Zamani alikuwa sahihi, lilikuwa pori la akiba na vitalu vya uwindaji vilikuwepo. Ila 2019 serikali ilimega eneo kubwa sana, zaidi ya kilomita za mraba 30,000, ikatangaza Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na upande wenu huo wa Kisaki na Matambwe ndo umeangukia humo. Hifadhi ya taifa iko chini ya TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) na humo hakuna kuwinda kabisa, uwe na kibali cha nani sijui, uwe na bunduki ya dhahabu. Pori la akiba liko chini ya TAWA (mamlaka ya wanyamapori), humo unawinda kwa kibali. Selous iliyobaki bado ipo ila iko kusini zaidi. Wazee wengi vijijini bado wana ramani ya zamani kichwani na hapo ndo watu wanakamatwa, mtu anapita njia ileile aliyopita na baba yake, kumbe ardhi imeshabadilika hadhi. Uzio hakuna kweli, kuna vigingi, mbao za matangazo, mara nyingine mto au barabara ndo mpaka. Dawa ni kumuuliza afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya kijiji, wana ramani, usimuulize jirani.

Pili, leseni ya polisi inakuruhusu kumiliki bunduki, basi. Kuwinda ni kibali kingine kabisa cha watu wa wanyamapori, na kinaandikwa mnyama gani, wangapi, eneo gani na tarehe. Kikisema kwale ukapiga swala umevunja sheria hata kama umesimama sehemu sahihi. Halafu hiyo leseni ni ya mjomba kwa jina lake, sio ya ukoo, wewe usiishike hiyo shotgani mkajikuta mna kesi ya silaha juu ya kesi ya mnyama.

Tatu, usiku HAPANA. Uwindaji ni mchana, na kumulika kumekatazwa kwa jina kabisa kwenye sheria ya wanyamapori ya 2009. Pikipiki nayo ni hivyohivyo, hairuhusiwi kufukuza wala kupiga mnyama ukiwa kwenye chombo cha moto, unashuka unatembea mpaka uwe umeachana nacho mita 200 ndo uanze kufikiria kupiga. Kwenye maji ya kudumu pia, bwawa au kisima wanaponywea, unakaa mbali mita 500, maana kumvizia mnyama mwenye kiu hata kwa sisi wawindaji ni aibu. Sumu, mitego ya nyaya, mashimo, moto, bunduki za kujipakia zenyewe, vyote marufuku. Jike mwenye mtoto haguswi, na twiga hata usimtaje.

Ya bunduki ni rahisi: shotgani ni ya ndege na vidogo vidogo. Nyati, simba, tembo ni raifo ya kaliba kuanzia .375 kwenda juu, ukimpiga nyati kwa kitu chepesi utamjeruhi, na nyati aliyejeruhiwa anakusubiri kichakani.

wakili_wa_kitaa:
Fundi kamaliza, naongezea ya mahakamani tu. Watu wanadhani kesi ni meno ya tembo. Kipande cha nyama ya swala kwenye sufuria ni nyara ya serikali, yaani mali ya serikali, na kesi za hivyo watu wanaondoka na miaka 20, magazeti yameandika mara ngapi. Na kesi hizi zina jambo moja la hatari, wewe uliyekutwa nayo ndo unatakiwa uthibitishe umeipata kihalali. Kusema "mjomba ndo alipiga" haisaidii kama umekaa mezani unakula. Hata mnyama aliyegongwa na gari pale barabara ya Mikumi usimwokote, mwache hapo hapo utoe taarifa.

mtoto_wa_msamvu:
Daah asanteni sana, mmenifungua macho. Nimempigia mjomba amenuna kidogo. Sasa anasema basi tuache bunduki, twende na mbwa na mapanga tukimbize sungura na digidigi, hiyo si ya kienyeji haina shida?

fundi_wa_nyayo:
Mbwa pia wamekatazwa kuwindia, mwambie. Na ukikutwa ndani ya hifadhi na panga bila kibali hiyo ni silaha, shitaka linaandikwa kuingia hifadhini na kukutwa na silaha, vijana kibao kule Mara na Serengeti wameingia kwa hilo hilo panga la kukatia kuni.

Kidodi_Original:
Kwani mjomba ana ugomvi na uhuru wako? 😂😂

wakili_wa_kitaa:
Kama shida ni nyama, bucha za nyamapori zipo kisheria tangu kanuni za 2020, unanunua unapewa risiti, na hiyo risiti uitunze vizuri maana ndo ushahidi wako. Kama shida ni kuwinda kwenyewe, mjomba aende ofisi ya wanyamapori na leseni yake aulize kibali cha wenyeji na eneo lililofunguliwa, msimu kwa kawaida unaanza Julai, kwahiyo afuatilie mapema.

mtoto_wa_msamvu:
Poa mkuu. Jumatatu nampeleka mwenyewe ofisini, shotgani inabaki nyumbani.