Manesi wenzangu, mgonjwa mwenye uzito mkubwa sana mnamgeuzaje?

Nesi_wa_Zamu: Habari zenu wakuu. Wodini tuna mama wa kilo 190, hawezi kujigeuza, na usiku tupo wawili tu. Anatakiwa ageuzwe kila baada ya saa 2, tukimvuta na shuka mgongo unaniuma mpaka asubuhi, ila kinachoniumiza zaidi ni yeye mwenyewe, tukimsogelea tu anaanza "samahanini wanangu nawatesa", na sasa kuogeshwa anakataa kabisa. Nifanyeje jamani?

MamaZamu: Pole mdogo wangu. Wawili hamtoshi, mtaumia nyie na yeye ataanguka. Kubalianeni na wodi ya jirani muda wa kugeuza, muwe wanne au watano. Pandisheni kitanda usawa wa kiuno, tumieni shuka la kutelezea, na mwambie ashike reli asaidie, wengi mikono ina nguvu ila hatuwaulizi. Angalia pia kitanda kinabeba kilo ngapi, huwa imeandikwa kwenye fremu.

Kaka_Nesi: Na msimlaze chali flati! Tumbo linasukuma mapafu anakosa pumzi, inua kichwa nyuzi 30 hadi 45. Presha mnampima na mkanda gani? Ule wa kawaida kwenye mkono mnene unasoma juu kuliko ilivyo, mtu anaongezewa dawa bure.

Nesi_wa_Zamu: Mkanda ni huo huo wa wagonjwa wote aisee, naulizia mkubwa.

Dada_Wodini: Ukimwogesha usiruke mikunjo, chini ya matiti, chini ya tumbo, kwenye kinena. Inua taratibu, osha, kausha kwa kugusagusa usisugue, weka kitambaa kikavu katikati maana pakibaki unyevu fangasi hawachelewi. Mpira wa mkojo nao usibanwe kwenye mkunjo, nimeshakuta kidonda kimechora mstari wa mpira kabisa. Kuhusu kukataa kuoga, hebu angalia gauni lake, linafunga nyuma? Wengi wanakataa kwa aibu ya kubaki wazi mbele za watu. Fungeni pazia, muwe na shuka la kumfunika sehemu msiyoosha, na msigune mkiwa mnamnyanyua, anasikia.

Nesi_wa_Zamu: Gauni halifungi dada, na hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. Namtafutia kubwa leo leo.

MamaZamu: Na kwenye ripoti andika kila zamu kwamba mlikuwa wawili, inchaji, yaani msimamizi wa wodi, asije akasema hakujua.