Ushauri: chanjo ya Gumboro siku ya ngapi kwa vifaranga wa vyanzo viwili?

Wakuu, naomba ushauri. Vifaranga 300 wa mayai, banda moja: nusu wazazi wao walichanjwa Gumboro, nusu hawakuchanjwa.

Seli B za kuku (seli nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili) hukomaa kwenye bursa, kifuko kilicho juu ya tundu la haja, na virusi vya Gumboro hushambulia humo humo. Kifaranga akiambukizwa kabla ya wiki 3 anaweza asionyeshe dalili yoyote, lakini bursa imeshaharibika na hata chanjo ya kideri haishiki vizuri. Hilo ndilo linanitia hofu zaidi kuliko vifo. Kuwahi nako kuna kasoro: kinga ya mama iliyopitia kiini cha yai huizima chanjo hai (yenye virusi hai vilivyodhoofishwa).

Nimepanga chanjo ya nguvu ya kati siku ya 10, 18 na 26. Nitawapa kwenye maji ya kunywa yasiyo na klorini, maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2.5 kwa lita, kiu saa 1 kabla, yaishe ndani ya saa 2.

Je, ratiba moja inatosha au niwatenge? Na kupima kinga kwenye damu wiki ya kwanza kutasaidia, kundi likiwa limechanganyika hivi?