Nina nusu saa tu ya kuijaribu lenzi ya 21mm kabla sijatoa pesa, nianzie wapi?

Mpemba_Mkunazini

Assalaam aleikum wakuu.

Mimi napiga picha za vyumba: nyumba za wageni za Mji Mkongwe na vijihoteli vya Nungwi, zile picha ambazo wenyewe wanaziweka mtandaoni kuvuta wageni. Kamera ni Sony A7 III, lenzi ni ile ile ya 28-70 iliyokuja nayo. Vyumba vya huku mnavijua. Mita tatu kwa tatu na nusu, kitanda cha besera kimemeza nusu ya chumba, na mimi nimebana mgongo kwenye mlango wa choo, bado boriti za dari sijazipata.

Sasa kuna jamaa wa Dar anauza lenzi pana, Voigtländer Color-Skopar 21mm f/3.5, ile inayokaa kwenye Sony moja kwa moja bila adapta, kile kipande cha kuunganishia. Imetumika. Anataka milioni moja na laki moja. Nimeipenda kwa udogo wake: gramu 230, urefu kama sentimita nne, filta 52mm. Fokasi ni ya mkono tupu, mota haina. Anavuka na boti ya asubuhi Jumamosi, ana shughuli zake Darajani, na kanipa nusu saa niishike.

Nimesoma mapitio mpaka kichwa kinaniuma. Huyu anasema pembe za picha zinalegea, hazitoki kali, yule anaweka michoro ya mistari inayopanda na kushuka kama homa. Nataka kujua jambo moja tu: ile nusu saa niitumieje?

Babu_Shata

Mkuu, kabla ya nusu saa kuna swali la milioni. Kwa nini ujitese na pete ya kuzungusha? Tamron wana 20mm f/2.8 ya Sony, gramu 220, ina mota, inajitafutia fokasi yenyewe. Nyepesi kuliko hiyo unayoililia. Hizi lenzi za mkono ni za watu wenye muda wa kunywa kahawa kati ya picha na picha.

Mpemba_Mkunazini

Babu, kahawa tunakunywa kweli, lakini sikiliza. Kazi yangu ni kamera juu ya stendi, tundu la lenzi f/8, kitanda hakikimbii. Mota sina haja nayo. Na hiyo Tamron nimeiazima siku mbili. Kali, sikatai, ila mistari inapinda, inategemea kamera au programu iinyooshe, na ikishanyooshwa pembe zinavutwa. Mimi napiga fremu za milango na boriti. Mlango wa Kizanzibari ukipinda, mwenye nyumba anauona kabla sijaushusha mkono.

Babu_Shata

Hapo umenifunga mdomo. Endelea.

FundiKioo

Dakika tano za mwanzo kamera usiiwashe.

Fungua apacha, lile tundu la kupitisha mwanga, hadi 3.5 (namba ndogo ndiyo wazi zaidi), washa tochi ya simu, mulika kutokea nyuma ya lenzi na uchungulie mbele kwa mshazari, usikodolee mwanga wenyewe. Vumbi utaliona. Kila lenzi ina vumbi, lisikunyime usingizi. Unachotafuta ni utando kama pumzi iliyoganda kwenye kioo, au nyuzi nyembamba kama mizizi zinazotambaa kutoka ukingoni kuja katikati. Hiyo ni kuvu. Ukiiona, muage jamaa vizuri awahi boti yake.

Kisha pete. Ya fokasi iwe nzito kiasi, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ikikwama mahali, au ukisikia kama mchanga unasagika, imeanguka au imeingia pwani. Ya apacha ipeleke 3.5 hadi 22 polepole huku unachungulia: vibamba kumi, vikavu, vinafunga pamoja. Halafu itikise sikioni.

Ukishaifunga kwenye kamera, zungusha fokasi kidogo. Hii ina vidoti vya umeme nyuma, kwa hiyo ukiiwezesha kwenye menyu picha inajikuza yenyewe kwenye skrini ukigusa tu pete, na kamera inaandika umetumia f ngapi. Visipofanya kazi, nusu ya faida ya kununua toleo la Sony imekwenda na maji.

Sasa lililo kubwa. Lenzi hii ni vioo 9 katika makundi 8. Kimoja kikikaa upande kwa unene wa unywele, upande mmoja wa picha unalegea. Kwa hiyo usihangaike kulinganisha pembe na katikati, kwa sababu pembe zitashindwa tu, hasa f/3.5, na zitakuwa na giza juu yake. Hayo ni maumbile ya lenzi pana iliyofanywa ndogo, na kila nakala iliyotoka kiwandani inayo. Wewe linganisha pembe na pembe. Ulegevu ulio sawa pembe zote nne ndivyo ilivyochorwa. Ulegevu wa pembe moja ni ugonjwa wa hiyo hiyo uliyoishika mkononi, na hakuna mapitio ya mtandaoni yatakayokuambia.

Namna ya kupima: panda darini, tafuta kitu cha mbali chenye vijisehemu vingi. Wewe una minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu, unataka nini tena? Weka mnara katikati ya picha, kuza, pata fokasi, basi pete usiiguse tena. Shata iwe kasi, 1/500 ya sekunde au zaidi. Piga. Kisha uhamishe mnara huo huo pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Picha tano kwa f/3.5, tano kwa f/5.6. Kaa kivulini, zikuze mpaka mwisho, angalia msalaba wa juu.

Mtoto_wa_Njiro

Njia fupi ni ukuta wa matofali. Simama mbele, piga, angalia kushoto na kulia. Dakika moja umemaliza.

NuruYaMvita

Kaka, niongezee kwenye kuvu, maana mimi niko Mombasa na imenila. Nilikuwa na lenzi pana ya zamani, nikaitunza kama yai: ndani ya mfuko wake wa ngozi, ndani ya droo, miezi minane. Kumbe ngozi ile ndiyo iliyokuwa ikinyonya unyevu. Kuitoa, kioo cha pili kimeota buibui. Fundi alinitajia bei ya kuifungua nikacheka, halafu nikalia. Siku hizi naweka kwenye kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko wa mpira, na vile vipakiti vya jeli ya silika vinavyokuja na viatu. Muulize muuzaji alikuwa akiiweka wapi, na umwangalie usoni anapojibu.

La pili, kwa kuwa utakuwa unaseti kwa mkono. Namba za f zilizochongwa kwenye lenzi, zile za kuonyesha kuanzia umbali gani hadi gani picha itakuwa safi, zinakudanganya kidogo. 21mm kwa f/8, hesabu ya kawaida inasema ukiweka fokasi karibu mita 1.9, kila kitu kuanzia sentimita 93 mpaka upeo wa macho kitakuwa safi. Hesabu hiyo inaruhusu doa la milimita 0.03 kwenye sensa, kile kinachonasa picha ndani ya kamera, kiwango cha enzi za filamu. Kwa megapikseli 24 mteja akikuza, nyumba za ng'ambo ya dirisha zitaonekana zimelainika. Mimi hufanya hivi: nikipiga f/11, nasoma alama za f/5.6 kwenye pete. Nikipiga f/8, nasoma za f/4. Tangu nianze hivyo sijarudia kazi ya mtu.

Mpemba_Mkunazini

Dada Nuru, ahsante sana, hilo la kusoma alama za f nyingine sikulijua kabisa.

Ila kuna jingine. Jamaa huyo huyo anayo pia Color-Skopar 21mm f/4, ya maunti ya Leica M, yaani kishikio chake ni cha kamera za Leica. Ndogo zaidi, gramu 136, kama kifuniko cha chupa. Anaiuza kwa chini ya ile. Si nitafute adapta tu?

Maskati_Ndani

Yakhe, hiyo iache hapo ilipo. Nilikuwa nayo nikaitia kwenye Sony hapa Maskati, najua nisemalo.

Lenzi ile ilitengenezwa wakati wa filamu. Kioo chake cha nyuma kinakaribia sana filamu, kwa hiyo pembeni mwanga unafika umelala. Filamu haijali. Sensa za Sony zimefunikwa kioo cha unene wa karibu milimita 2, mwanga uliolala ukipita humo unapotoka, na pembe zinakuwa kama zimepakwa mafuta. Hata ukifunga f/8 hazirudi zote. Juu yake unapata rangi ya zambarau kwenye kingo, ukuta mweupe wa chokaa unaonekana kama umepigwa wino. Kwenye filamu, au kwenye Leica yenyewe, lenzi ile ile ni tamu. Ndiyo maana Cosina, ambao ndio wanaotengeneza Voigtländer za sasa kule Japani, wakachora hii ya f/3.5 upya kwa ajili ya sensa za Sony.

Na adapta nazo zina mambo. Kutoka Leica M kwenda Sony inatakiwa iwe milimita 9.8. Za bei rahisi huwa fupi kusudi, ili kila lenzi iweze kupata fokasi ya mbali kabisa. Ikiwa fupi kwa milimita 0.1 tu, basi kwenye 21mm mnara ulioko kilomita moja utaupata pete ikisoma mita nne na kitu. Alama zote za dada Nuru zitakuwa mapambo.

Babu_Shata

Milimita 0.1! Mimi hata tofali sijawahi kulipima hivyo.

Mpemba_Mkunazini

Wakuu, Jumamosi imefika na imepita. Nipeni nafasi niwasimulie.

Jamaa kaja na begi lake, tumekaa barazani. Tochi: vumbi chembe tatu, kuvu hakuna, vibamba vikavu. Nimemuuliza anaiweka wapi, akasema kabatini juu, na feni inapiga. Nimemwangalia usoni, nimeona usingizi wa boti tu. Pete laini kama samli iliyoanza kuganda. Ukingoni pa filta pana kibonyeo kidogo, kama ilibusu kona ya meza. Filta yangu ya 52 imeingia kwa shida kidogo lakini imeingia.

Nikaona nianze na rahisi, nikafuata la Njiro. Ukuta wa uani kwetu. Nikapiga, nikakuza. Kulia safi, kushoto ukungu! Nikarudia. Kushoto ukungu. Moyo ukaniruka, nikamwambia jamaa hii haifai, naye jasho likamtoka, akaanza kuapa haijapata kuanguka. Nikataka kumrudishia palepale.

Ndipo nikamkumbuka Fundi. Tukapanda darini, ngazi zile za mbao, jamaa nyuma anahema. Nikapiga mnara kama nilivyoelekezwa, mara tano na mara tano. f/3.5: pembe zote nne zina giza, msalaba unaonekana umelainika, lakini umelainika sawasawa. Labda ya juu kulia iko nyuma kidogo, na hapo natafuta kwa ubishi. f/5.6: pembe zimeamka zote, mpaka madirisha ya mnara nayahesabu. Kushoto hakuna tatizo lolote.

Sasa Fundi nieleze, ule ukuta ulikuwa na nini?

FundiKioo

Ukuta wa jiwe la matumbawe, umepigwa chokaa miaka mia na kitu iliyopita? Upige kamba uone. Kuta za Mji Mkongwe zina matumbo. Kwa lenzi pana ukiwa karibu, tumbo la sentimita kumi upande mmoja, au wewe kusimama umegeuka kidogo tu, inatosha kabisa kwa f/3.5. Ulikuwa unapima ukuta. Kwenye mnara wa mbali hakuna kusimama vibaya, kote ni mbali.

Hiyo juu kulia isahau. Nakala isiyo na tofauti yoyote kati ya pembe sijaishika bado.

Mtoto_wa_Njiro

Naomba radhi. Huku kwetu matofali yamenyooka.

NuruYaMvita

Umelipa ngapi?

Mpemba_Mkunazini

Kile kibonyeo kimenishushia laki moja. Milioni kamili, na chai na maandazi juu yangu.

Jana nimefanya nayo kazi ya kwanza, vyumba vinne Kiponda. Boriti zimesimama kama zilivyo, bila kunyooshwa na programu. Nikaigeuzia jua dirishani kwa f/11, kila tundu la pambo la mbao likatoa nyota ya ncha kumi, mwenye nyumba kaipenda hiyo kuliko kitanda.

Ila chumba cha tatu nimekiharibu. Nilipangusa kioo cha mbele kwa kanga, kumbe kidole kimesukuma pete, na mimi nimeshazoea mota inayonisahihishia. Picha saba zote zimefokasi chandarua. Mgeni keshaingia, imebidi nisubiri mpaka leo asubuhi atoke. Sasa nimebandika kipande cha selotepu kwenye pete nikishaseti.

Maskati_Ndani

Selotepu kwa joto hilo? Gundi itayeyuka ikuingie kwenye pete. Tumia ile tepu nyeusi ya mafundi umeme, na uitoe kila jioni.