Uzio usioonekana wa mbwa: mbele hakuna ukuta, waya upite wapi?

Mkazi_Madale
Wakuu, kiwanja ni mita 20 kwa 30, Madale. Pande tatu zina ukuta, mbele ni michongoma na geti la gari. Mbwa wawili, mmoja wa miaka mitatu na mwingine wa miezi saba, hufunguliwa saa mbili usiku na kurudishwa bandani alfajiri. Wanapenya kwenye michongoma na kufukuza bodaboda. Nataka ule uzio wa waya ardhini na mkanda shingoni: mbwa akikaribia waya, mkanda unalia, akiendelea unampiga shoti. Je, waya mbele tu unatosha? Na mafunzo huchukua muda gani?

FundiWaya
Mkuu, mbele tu haitoshi. Waya lazima utoke kwenye kisanduku cha kurushia mawimbi, uzunguke na urudi kwenye kisanduku hichohicho bila kukatika. Ukiurudisha kwenye mtaro uleule, mkondo wa kwenda na wa kurudi hufutana, mkanda hausikii kitu. Kwako zungusha kiwanja chote: mbele uzike, pande tatu pitisha juu ya ukuta. Ukuta wa mita mbili na mawimbi ya upana wa mita moja, mbwa aliye chini hayamfikii, hata banda likiegemea ukuta. Kama juu kuna fensi ya umeme, usiuweke hapo kabisa, mawimbi yatavurugika.

Mzunguko ni mita 100, nunua 150. Kutoka kisanduku hadi mpakani unasokota nyaya mbili pamoja, mizunguko 10 hadi 12 kila sentimita 30, na kusokota kunakula urefu. Hapo ndipo kufutana kunatusaidia: mbwa anavuka sehemu hiyo bila kupigwa shoti. Waya wa shaba wa kufungia umeme wa nyumba, milimita za mraba 1.5, wa uzi mmoja, unafaa na Kariakoo umejaa.

Kina cha sentimita 5 hadi 8 kinatosha. Getini kata zege kwa grinda, laza waya, ziba. Kona zipinde taratibu. Kona kali huacha pengo la mawimbi. Ukikutana na kebo ya umeme iliyozikwa, ivuke kwa pembe mraba, usiende nayo sambamba.

Kinachoua mifumo hii hapa Dar ni jointi. Solotepu peke yake haizuii maji ya masika; shaba inaota kutu ya kijani, mawimbi yanafifia, na siku moja kisanduku kinalia. Lehemu kwa risasi, kisha tumia kifuniko chenye jeli. Kikilia, kwanza unganisha kipande kifupi cha waya moja kwa moja kwenye kisanduku. Kikinyamaza, kisanduku ni kizima, waya ndio umekatika. Sasa ruka nusu ya mzunguko kwa waya wa akiba: kikinyamaza, kasoro iko kwenye nusu uliyoiruka. Endelea kugawa hivyo hadi uipate.

Mfugaji_Goba
Kuchimba ni siku moja, mbwa ni wiki mbili. Wote wawili umri unaruhusu, maana chini ya miezi sita si vizuri. Panda vibendera kila mita mbili pale mlio wa mkanda unapoanzia. Dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku, mbwa mmojammoja. Kamba ifunge kwenye mkanda mwingine, siyo huo wenye pini za kupitisha shoti.

Siku nne za kwanza ni mlio tu, pini zimezibwa. Mkanda ukilia, mvute arudi ndani, msifu, mpe kipande cha nyama. Kisha fungua pini, kiwango cha chini kabisa. Anatakiwa ashtuke na kugeuka. Akilia na kujificha barazani, umezidisha, na mbwa wa hivyo huogopa hata uwanja. Akijikuna tu na kuendelea, kiwango ni kidogo au pini hazigusi ngozi. Halafu leta vishawishi: mtoto na mpira, bodaboda nje ya geti.

Wako ni wa usiku, kwa hiyo fanya nusu ya mazoezi baada ya magharibi. Gizani kibendera hakionekani, atategemea mlio. Usiwaachie bila kamba hadi wageuke wenyewe mara kadhaa mfululizo, bodaboda ikipita. Vibendera viondoe kimojakimoja baadaye.

Mkanda uingie kidole kimoja kati ya pini na ngozi. Wavue wakirudi bandani. Mkanda usikae shingoni zaidi ya muda wa saa 12 kwa siku, pini huleta vidonda. Ukitaka kuwatoa, uvue mkanda ndani na uwapakie kwenye gari. Usiwapitishe getini kwa miguu, watajifunza kuwa mpaka unavukika. Na chanjo ya kichaa cha mbwa isisahaulike: uzio huu haumzuii mbwa koko kuingia, wala mwizi.

Mkazi_Madale
Umeme ukikatika je?

FundiWaya
Hakuna mawimbi kabisa. Soma volti kwenye adapta ya kisanduku, tafuta betri ya akiba ya ruta yenye volti hizohizo na ampea zisizopungua. Weka pia kinga ya radi, waya mrefu hivi huvuta msukumo wa umeme radi ikipiga karibu. Na michongoma izibe matundu hata hivyo.