Naomba ushauri: basi langu la dizeli linatoa moshi mweusi mlimani

Wandugu, salamu kutoka Bukavu. Nina basi dogo la Toyota HiAce la dizeli, lenye umri unaozidi miaka 25, linalobeba abiria kati ya Nyawera na Kadutu. Kwenye tambarare halina shida, lakini likianza kupanda likiwa limejaa, linamwaga moshi mweusi mzito hadi wauza ndizi walio kandokando ya njia wanajifunika pua kwa vitenge. Jambo hilo linaniuma, kwa sababu tangu 2012 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeutaja moshi wa dizeli kuwa unasababisha saratani kwa binadamu.

Nimepeleka gari kwenye ukaguzi. Wakatazama taa na breki, wakanipa karatasi, moshi hakuna aliyeupima. Ninavyofahamu, kipimo chenyewe hufanywa kwa kukanyaga mafuta hadi mwisho gari likiwa limesimama, huku chombo kikipima kiasi cha mwanga kinachozuiwa na moshi.

Fundi mmoja anataka kubadilisha nozeli zote nne (zile zinazonyunyizia dizeli ndani ya injini), mwingine anasema pampu ya dizeli imefunguliwa kupita kiasi, inaleta mafuta mengi mno. Mimi nashuku hewa: mji wetu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kichujio changu cha hewa kimejaa vumbi jekundu. Je, nianze na kipi kabla ya kutumia fedha za nozeli? Na pampu ikipunguzwa mafuta, gari litaweza kweli kupanda Kadutu na abiria?