Mafuta ya mwili, mazoezi na protini ya misuli

Swali (Jinja): Ndugu zangu, je, unene huzuia misuli kujenga protini, hata mtu anapokula maharagwe na mukene (dagaa wa ziwani) kila siku?

Jibu (mwalimu wa mazoezi, Kampala): Kwa kiasi fulani, ndiyo. Mafuta yakizidi, misuli huitikia insulini (homoni inayosaidia mwili kutumia sukari) kwa udhaifu, na mara nyingi protini iliyoliwa huijenga kidogo kuliko inavyomjenga mtu mwembamba. Lakini mazoezi hubadilisha mengi: kukimbia huongeza protini za mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) zinazochoma mafuta, na kunyanyua vyuma huongeza aktini na miosini, protini zinazokaza misuli, hata kabla uzito haujapungua.

Jibu (muuguzi, Mbale): Naomba kuongeza, kwa kuwa jambo hili linanisikitisha sana: anayejinyima chakula bila mazoezi hupoteza misuli pamoja na mafuta. Anayefanya mazoezi makali huhitaji gramu 1.2 hadi 2.0 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Matoke peke yake hayatoshi.